Kurasa Zilizo Kabla ya Uwanja wa Ndege

(Hotuba niliyoitoa Dar es Salaam mbele ya waandishi, wachoraji na walimu wanaotengeneza vitabu vya watoto. Wengi mlioshindwa kufika mliniomba maandishi. Haya hapa, karibu yote, pamoja na pale nilipotoka nje ya mada.)

Shikamooni wazee wangu. Dada mwenyekiti, ndugu waandishi, wachoraji, walimu, hamjambo?

Mmeitikia kwa sauti ya mbali. Naelewa, pilau ya mchana huu haikuwa ya mchezo. Nitajitahidi nisiwalaze.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mwaka wa kumi na tisa huu naishi Rotterdam, Uholanzi, na kazi yangu ni ukutubi, upande wa watoto. Ukutubi wa watoto ni kupanga vitabu, kugombeza wanaokimbia, kufuta makamasi, na kujibu maswali ambayo hukuyasomea chuoni. Leo nimekuja na swali moja kati ya hayo.

Jumamosi moja mwaka 2018 aliingia mama mmoja wa Kiholanzi na binti yake wa miaka saba. Binti alizaliwa Kisumu, Kenya, akaasiliwa kutoka kwenye makao ya watoto akiwa bado anajifunza kutembea. Mama akaniambia, "Anataka kitabu kinachoonyesha alikotoka." Nikasema hilo dogo! Nikaenda rafuni, nikarudi na vitabu sita, tukakaa sakafuni wote watatu.

Cha kwanza, simba. Cha pili, tembo aliyepotezana na mama yake. Cha tatu, nyani mtundu. Cha nne na cha tano sivikumbuki, ila vilikuwa na mikia. Cha sita kilikuwa na watu, nikashukuru: kijiji, nyumba tatu za nyasi, jua jekundu kama sinia, mti mmoja wa mgunga, na kwa mbali kabisa, twiga. Binti akakifunga taratibu. Akaniuliza, bila utani wowote, "Kwa hiyo mimi nilikuwa naishi na twiga?"

Ningemjibu nini?

Kisumu nimefika. Nimekuta tuktuk zinagombania abiria, spika za kanisa zinashindana na spika za duka la simu, watoto wa shule wenye sweta kwenye joto lile, samaki mzima anakaangwa hadi mkia unakuwa kama biskuti. Mtaani sikukutana na twiga hata mmoja. Lakini katika maktaba yenye maelfu ya vitabu vya watoto, sikuwa na hata kimoja chenye mtaa ule.

Jumamosi iliyofuata nilipitia West-Kruiskade, kwenye maduka ya vyakula vya kwetu, nikanunua dagaa wakavu, wale ambao Wakenya wanawaita omena. Nikampa binti anuse. Akakunja pua, akapiga kelele maktaba nzima ikasikia: "Vinanuka!" Mama yake akaona haya, mimi nikacheka. Nikamweleza wanavyovuliwa usiku kwa taa, wanavyotandazwa kuanikwa, kunguru wanavyofukuzwa. Wakati wa kuondoka akaomba dagaa mmoja. Mmoja tu. Akamfunga kwenye karatasi laini kama mtu anayefunga pete.

Baada ya wiki tatu mama akarudi kulalamika. Dagaa yuko kwenye droo ya soksi, chumba kizima kinanuka, mtoto hataki kusikia habari ya kumtoa. "Nifanyeje?" Nikamwambia anunue kichupa chenye kifuniko.

Sasa niwaulize, ndugu zangu. Kwa nini dagaa mmoja aliyekauka afanye kazi iliyozishinda hadithi sita zenye picha za rangi? Kwa nini?

Nimevisoma vitabu vingi vilivyotungwa kwa ajili ya watoto hawa walioasiliwa kutoka nchi za mbali, vya Kiholanzi na vya Kiingereza, na Kifaransa cha kubabaisha. Vingi vina mwendo mmoja. Ukurasa wa kwanza kuna mke na mume, nyumba nzuri, chumba kimoja kitupu. Ukurasa wa pili wanajaza fomu. Wa tatu simu inalia. Wa nne ndege. Wa tano wamefika nchi ya mbali yenye joto, na hapo ndipo mtoto anapotokea, ameshavishwa, ameshapambwa, anatabasamu. Halafu ndege tena, na ndugu wanasubiri na maputo. Mnaona kilichopotea? Mtoto ameingia kwenye hadithi yake mwenyewe katikati. Hana jana. Mtoto huyo kazaliwa uwanja wa ndege!

Siwalaumu walioviandika. Mtu huandika anachokijua, na wengi wao ni wazazi walioasili: wanaijua ile simu, wanazijua zile fomu, wanaijua safari. Kilichotangulia hawakijui. Nani anakijua? Nani anajua mtaa ule unaamka saa ngapi, muuza maandazi anaita vipi, mvua ya masika inapigaje bati? Nyinyi mnajua. Mimi najua. Kurasa zilizo kabla ya uwanja wa ndege ziko huku kwetu.

Niseme haki, vipo vitabu vilivyojaribu. Mwaka 1997 Allen Say, mwandishi na mchoraji aliyezaliwa Yokohama, Japani, na kufanya kazi Marekani, alitoa kitabu cha picha kiitwacho *Allison*. Msichana mdogo aliyeasiliwa anavaa kimono, vazi la Kijapani, aliyopewa na bibi yake, anajitazama kwenye kioo pamoja na wazazi wake na mwanasesere wake. Hapo anagundua kitu ambacho watu wazima walikwishakijua: anafanana na mwanasesere, hafanani na wazazi. Nakipenda kitabu hicho kwa jambo moja. Mtoto anakasirika. Anaharibu vitu ambavyo mama na baba wamevitunza tangu utoto wao. Mwandishi hamkimbilii na pipi. Anamwacha akasirike.

Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Sisi tunasema kuasili mtoto. Ni neno lenye mzigo. Ndani yake kuna asili: unamchukua mtoto wa mwingine, unampa asili yako. Lakini punguza silabi moja tu, kuasili linabaki kuasi. Kila mzazi aliyeasili aliyewahi kukaa na kijana wa miaka kumi na minne mezani, akimwambia "wewe si mama yangu", anaijua silabi hiyo. Allison ana miaka michache tu na ameshaipata. Ila hata kwake, nchi alikotoka haikupata ukurasa. Hasira imechorwa vizuri sana. Mtaa haupo.

Tuje kwenye maneno, maana nyinyi ni watu wa maneno.

Waholanzi wana neno la kumwita mama aliyemzaa mtoto kisha mtoto akalelewa na mwingine. Ukilifasiri linakuwa "mama wa tumbo". Msicheke. Nami mara ya kwanza nilidhani ni ugonjwa. Wanahangaika kutafuta neno kwa sababu kwao mama ni mmoja, wa pili akitokea lugha inakwama. Sisi? Mama mzazi, mama mlezi, mama mkubwa, mama mdogo, na shangazi anayekuchapa kuliko wote. Mtoto wa Kiswahili ana mama wanne kabla hajajua kuhesabu, na hakuna anayemwita daktari. Mwandishi wa Kiswahili akiandika kitabu cha mtoto mwenye mama wawili hana haja ya kueleza chochote. Huo ni utajiri, na tumeukalia.

Lakini tuna na miiba. Tunasema "mwacha asili ni mtumwa". Nimeisikia ikitamkwa kwenye sherehe moja ya Waswahili kule Ulaya, mbele ya kijana aliyeasiliwa kutoka huku kwetu, kwa sababu hakujua Kiswahili. Mzee aliyesema hakuwa na ubaya, alikuwa anatania. Kijana akaomba atafsiriwe. Akatafsiriwa. Sijui kama mnauona uso huo ninaouona mimi hadi leo. Nani kaacha? Mtoto wa miezi minane kaacha nini? Alibebwa! Hakuulizwa, hakufunga mizigo, hakuaga.

Na mwiba wa pili uko kwenye magazeti yetu. Mtoto mchanga akikutwa mahali, kichwa cha habari kinasema nini? Kichanga chatupwa. Mnalijua neno hilo, limeandikwa mara nyingi hata halitushtui. Takataka ndiyo hutupwa. Mtoto huyo akikua akiwa Utrecht au Toronto, akajifunza Kiswahili kidogo, akaanza kupekua intaneti, neno la kwanza litakalompokea kutoka nyumbani ni hilo. Waandishi, tunaweza kuandika "aliachwa". Tunaweza kuandika "alikutwa". Tunaweza hata kuandika alikutwa amefungwa kanga gani, maana mara nyingi kanga ilikuwepo, na mtu anayetupa hafungi kanga.

Na majina je? Yuko mvulana mmoja ninayemfahamu, jina lake la kwanza ni la Kiholanzi, la pili ni Bahati. Watoto wanaokutwa bila jina hupewa na aliye zamu: Bahati, Neema, Riziki, Baraka. Baba yake alikuwa akimweleza tangu mdogo kwamba jina lake maana yake ni bahati njema, na kila mtu mezani akifurahi. Alipofika miaka kumi na minne akauliza, "Bahati ya nani?" Wakanyamaza. Baba akanipigia simu jioni hiyo, eti nimpe jibu.

Sikumpa jibu. Nilimwomba aje na kijana, tukakaa tukaongea habari ya majina ya kwetu, kwamba jina kwetu ni habari. Nikamwambia yupo Tabu, yupo Shida, yupo Mashaka na ni mwenye maduka matatu, yupo Mwanaidi aliyezaliwa sikukuu, yupo Tatu anayekwambia waliomtangulia ni wawili. Kwamba aliyemwita Bahati inawezekana alikuwa nesi wa zamu ya usiku aliyekuwa anazungumza habari za usiku ule, na wala hakuwa anamdai shukrani. Kijana akasema, "Kwa hiyo ni kama tarehe." Ndiyo, nikasema, ni kama tarehe. Akaridhika kuliko nilivyotarajia. Hakuna kitabu cha watoto kinachofanya kazi hiyo ya majina kwa lugha yake. Ni nani humu anakiandika?

Sasa nije kwenye jambo zito, na hapa naomba mnivumilie.

Vitabu vingi humwambia mtoto: mama yako alikupenda sana, ndiyo maana akakutoa. Sentensi tamu. Lakini kaa chini uisikilize kwa masikio ya miaka sita. Anayenipenda hunitoa. Mama huyu wa sasa naye ananipenda sana. Basi?

Tena huenda si kweli. Huenda mama hakutoa. Ethiopia ilipiga marufuku watoto wake kuasiliwa na wageni mwaka 2018. Kongo ya Kinshasa ilisimamisha vibali vya kuwatoa watoto nchini Septemba 2013, Kenya ikafunga mlango Novemba 2014, na Uganda ikakaza sheria yake mwaka 2016. Nchi hazifungi milango bila sababu. Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda pamoja na wakili, kwa mpango wa kuwatoa watoto kwa wazazi kijijini kwa ahadi za uongo za masomo. Machi 2025 tume ya ukweli ya Korea Kusini, nchi iliyopeleka nje watoto wapatao 200,000 tangu vita vya miaka ya 1950, ilitangaza kwamba kumbukumbu zilighushiwa na watoto wenye wazazi wakaandikwa yatima. Huko kwetu Uholanzi serikali yenyewe ilisimamisha utaratibu huo Februari 2021 baada ya tume kugundua uchafu wa miaka mingi.

Kwa hiyo mwandishi afanyeje? Faili linasema "wazazi hawajulikani", na faili lenyewe halijulikani kama lasema kweli. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, kifungu cha 30, unazitaka mamlaka zitunze habari za asili ya mtoto. Karatasi hiyo ni nzuri, lakini makabati yana mchwa.

Jibu nililiona Uganda, na halikutoka kwa wataalamu wa Ulaya. Miaka ya 1990, wakati ukimwi unafagia nyumba na dawa hazijafika, akina mama wenye virusi kwenye chama cha NACWOLA walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Daftari tu. Mama anaandika: ulizaliwa siku gani, nani alikuwepo, ulikuwa unapenda kula nini, baba yako alikuwa mtu wa namna gani, ukoo wetu ni upi, mwiko wetu ni upi, mimi mwenyewe nikiwa msichana nilipenda nini. Wengine hawakujua kusoma, wakaandikiwa. Wengine waliishi, dawa zikafika, wakabaki na daftari na mtoto pia, Alhamdulillah.

Angalieni wanawake wale walichokifahamu. Walijua mtoto hatauliza falsafa. Atauliza chakula. Atauliza nani alikuwepo. Huko Ulaya na Marekani maafisa wa ustawi wa jamii siku hizi huwatengenezea watoto walioasiliwa kitabu cha aina hiyo, nakala moja, cha huyo mtoto peke yake, wakibandika picha ya makao, ya mlango, ya aliyemlea. Na pale pasipojulikana wanaacha ukurasa mtupu, juu wameandika: hapa hatujui. Ukurasa mtupu! Nimewaona watoto wakiupenda kuliko wenye picha. Wanauandika wenyewe kwa penseli, wanaufuta, wanauandika tena.

Na msidhani haja hiyo huisha na meno ya utoto. Kabla ya uhuru wa Rwanda, watoto chotara waliolelewa kwa watawa huko Save walichukuliwa kwa mamia wakapelekwa Ubelgiji, mama zao wakabaki, wengine majina yakabadilishwa. Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji wakati huo, Charles Michel, aliomba radhi bungeni kwa yale waliyotendewa watoto chotara wa makoloni yale. Mmoja wa waliopitia huko, bibi wa zaidi ya miaka sabini, alikuja dirishani kwangu na fimbo yake. Nikadhani anamtafutia mjukuu. Aliomba kitabu cha Kinyarwanda cha darasa la kwanza, kile cha a, e, i, o, u. Cha kwake. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, kile kifupi cha watoto, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na rafu, akasoma kwa sauti ndogo hadi tukafunga.

Basi ombi langu, na si kubwa. Siwaombi mwandike vitabu vya kuasiliwa. Vitakuwa hotuba kama hii, na watoto hawapendi hotuba. Andikeni mtaa. Mtoto anatumwa chumvi anarudi bila chenji. Umeme unakatika. Bibi anasuka nywele, anavuta, mtoto analia, bibi anasema tulia. Mchoraji, chora sufuria lenye masizi, chora ndala zisizofanana mlangoni, chora nguzo ya umeme. Andikeni jina la mtaa! Mbagala, Kondele, Makorora. "Kijiji kimoja Afrika" hakina mtoto wake anayekitafuta. Makorora inaye.

Na mkiweza, viwekeni mahali vinapofikika. Hadithi za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, ziko mtandaoni bure, zipo na za Kiswahili, na mzazi yeyote anaruhusiwa kuzifasiri na kuzichapa. Nimechapa nyingi, nikabandika Kiholanzi chini ya Kiswahili kwa gundi ya maji. Kurasa zimejikunja, zinasomwa hivyo hivyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia.

Kwa miaka saba nimekuwa nikiandika kwenye kidaftari maswali ninayoulizwa na watoto hawa. Nimeyakata moja moja, yako kwenye kikapu pale mlangoni, kila mtu achukue moja akitoka. Nayasoma machache. "Nyumbani kwetu paka wanaruhusiwa ndani?" "Nani alininyoa nywele kwenye ile picha?" "Mvua ikinyesha watoto wa makao walikaa wapi?" "Mama yangu alikuwa anaimba vizuri au vibaya?" "Kisumu kuna watu wanene?" Na hili la yule wa dagaa, sasa ni msichana mkubwa, aliniandikia wiki iliyopita aliposikia nakuja: "Uliza watu wa huko, dagaa wanaliwa na kichwa?"

Tayari nimesikia mabishano huko nyuma. Jibuni kwa maandishi.